Nani Anamfundisha Kaimu?

Mkuu wa idara akistaafu Juni, vyuo vingi huanza kumtafuta mrithi Mei. Nimefanya kazi ya utawala katika vyuo vya umma tangu enzi za mashine za kuchapa, na nimeshuhudia kiti kikirithiwa hivyo mara nyingi mno. Barua ya kukaimu inamfikia mtu Ijumaa, Jumatatu anaongoza kikao, na hajawahi hata kuandaa ajenda.

Wala kustaafu si jambo la kushtukiza. Mtumishi wa umma Tanzania anajua tangu siku ya kuajiriwa kwamba miaka 55 ni kwa hiari na 60 ni lazima. Maprofesa na wahadhiri waandamizi waliongezewa hadi 65. Tarehe ya kuzaliwa imo kwenye jalada lake binafsi, kazi iliyobaki ni kujumlisha.

Upande wa taaluma angalau kuna ngazi. Mkufunzi msaidizi anaanza chini ya profesa, anaongoza semina, anasahihisha mitihani, anasoma shahada ya uzamili, kisha anapanda kuwa mhadhiri msaidizi, mhadhiri na kuendelea. Ulezi umo ndani ya kazi yenyewe. (Sisemi kila profesa ni mlezi. Wapo wanaowabebesha vijana marundo ya mitihani na kuyaita mafunzo.) Sisi waendeshaji, watu wa masjala, udahili, uhasibu, ununuzi na mabweni, tunapewa semina elekezi, begi lenye nembo na cheti, basi.

Kuna binti aliletwa masjala kama mtunza kumbukumbu, ana stashahada. Kilichonivutia kwake ni kwamba jalada likirudi na barua isiyo na namba ya folio, alilirudisha lilikotoka, hata kama limetoka kwa mkuu wa chuo. Nikamwomba bosi wake nimchukue awe ananiandikia mihtasari ya vikao vya idara.

Muhtasari wake wa kwanza ulikuwa na kila neno lililosemwa na kila mjumbe. Nikaufyeka kwa kalamu nyekundu. Nilitaka mambo matatu tu: kimeamuliwa nini, nani atatekeleza, lini. Kisha nikamfundisha ajenda ambayo watu huipitia wakisinzia, yatokanayo. Hapo ndipo inajulikana nani aliahidi na hakufanya, kwa hiyo mwandishi mzuri huwazungukia wahusika kabla ya kikao. Nikamtuma kwa mhadhiri mmoja mwandamizi akaulize taarifa ya ukarabati wa mabweni imefikia wapi. Akarudi amenuna.

“Mama, amesema nisimfuatefuate.”

Ningeweza kunyanyua simu nikamaliza jambo lile kwa dakika moja. Nikamwambia arudi kesho yake, aamkie kwanza, kisha aseme mwenyekiti anaomba tarehe tu. Akapewa tarehe. Sijui semina ya uongozi ambayo ingempa somo lile.

Baada ya hapo tukaingia kwenye dokezo sabili, ile karatasi ya ndani ya kumpelekea mkuu jambo aliamue. Vijana wengi wanajua kueleza tatizo vizuri, wakifika mwisho wanaandika “nawasilisha kwa maamuzi” na kuweka saini. Nikamuuliza ushauri wake uko wapi. “Mimi ni nani wa kumshauri mkuu wa chuo?” Nikamjibu kwamba ndicho anacholipiwa mshahara. Akaandika upya: hoja, kanuni inasemaje, gharama, na yeye anapendekeza nini. Mkuu wa chuo akakataa pendekezo lake, kwa sababu nzuri, na sababu zile akaziandika pembeni mwa dokezo kwa mkono wake. Binti alijifunza zaidi kwenye ule mwandiko kuliko kwangu.

Wanaoidharau kazi hii ya karatasi huwa nawatajia Pius Msekwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970, Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza hakutoka darasani. Alikuwa amepitia ukatibu wa Bunge, kisha ukatibu mtendaji wa TANU. Mtu aliyelelewa na taratibu za vikao ndiye aliyepewa chuo kikuu.

Miaka ikapita, binti akasoma, akawa afisa tawala, na nikienda likizo akawa ananikaimia. Kukaimu ndiko kunakomwivisha mtu, au kumwozesha. Utaratibu wa serikali unataka kusizidi miezi sita, lakini nimeona watu wakikaimu hadi wakasahau ni makaimu. Na nimeona mabosi wanaokwenda likizo na mihuri mkobani, kila barua inasubiri simu yao. Kaimu wa namna hiyo ni mtunza funguo tu. Mimi muhuri niliuacha mezani. Nikirudi tulikaa siku nzima tukipitia alichosaini, kimoja kimoja, na pale ambapo ningeamua tofauti nilimwambia, lakini sikutengua.

Mwaka mmoja baadaye akahamishiwa chuo kingine, kwa cheo cha juu. Bosi wangu wa wakati huo akalalamika kwamba nawafundisha watu halafu wanaondoka, afadhali ile bidii ningeiweka kwenye kazi za idara. Nikamuuliza mwajiri wa binti alikohamia ni nani. Akanyamaza, kwa sababu ni serikali ileile inayotulipa sisi. Wiki iliyofuata nilimwandikia dokezo, ukurasa mmoja, kuomba kijana mwingine kutoka masjala.