"Fainali ya" na "Fainali za": Istilahi Moja, Dhana Mbili

Mwaka 1980 timu ya Taifa ya Tanzania ilikwenda Nigeria kucheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Ilifungwa na Nigeria 3-1, ikafungwa na Misri 2-1, ikatoka sare ya 1-1 na Kodivaa, kisha ikarudi nyumbani. Tarehe 22 Machi mwaka huo huo fainali ya Kombe hilo ilichezwa mjini Lagos, na Nigeria ikaishinda Aljeria 3-0. Msomaji aliyezoea kurasa za michezo hatashangazwa na maelezo haya. Lakini mwanafunzi wa shule ya msingi ana haki ya kumwuliza mwalimu wake: Je, Tanzania ilicheza fainali au haikucheza?

Jibu ni kwamba ilicheza fainali za Kombe, haikucheza fainali ya Kombe. Tofauti yote hiyo imebebwa na herufi moja. Neno "fainali" limo katika ngeli ambayo umbo la umoja na la wingi ni moja, kama "nyumba" na "kalamu". Kinachotuonyesha idadi ni upatanisho tu: "fainali hii", "fainali hizi". Pale upatanisho unapokosekana, msomaji hana pa kushika. Tukisema "Tanzania ilicheza fainali", sentensi ni sahihi kisarufi, lakini maana yake haijulikani.

Jambo hili si la kuchekesha tu. Tarehe 27 Septemba 2023 Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika lilizipa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Kwa sababu hiyo kanuni, mikataba, nyaraka za usalama, matangazo ya usafiri na vitabu vya wageni havina budi kuandikwa kwa Kiswahili, au kutafsiriwa kwa Kiswahili, katika nchi tatu. Tuchukue mfano wa kubuni. Waraka umeandikwa: "Maandalizi ya fainali 2027 yakamilike mapema." Mtumishi mmoja ataelewa kwamba anatakiwa kujiandaa kwa michuano mizima ya timu 24 na michezo 52. Mwenzake ataelewa kwamba anatakiwa kujiandaa kwa mchezo mmoja, katika uwanja mmoja, kwa siku moja. Wote wawili watakuwa wamesoma Kiswahili sanifu.

Hapo mtu anaweza kusema kwamba dawa ni rahisi: tuseme "mchezo wa mwisho", tuliache neno "fainali". Sisi pia tulipata kufikiri hivyo, lakini mambo mawili yalitufanya tubadili mawazo.

La kwanza ni habari ya Yanga. Mwaka 2023 timu hiyo ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika dhidi ya USM Alger ya Aljeria. Tarehe 28 Mei ilifungwa 2-1 Dar es Salaam. Tarehe 3 Juni ilishinda 1-0 ugenini. Jumla ya mabao ikawa 2-2, na USM Alger ikapewa kombe kwa kuwa ilifunga mabao mengi zaidi ugenini. Basi Yanga ilishinda mchezo wa mwisho, lakini haikushinda fainali. Hii inaonyesha wazi kwamba "mchezo wa mwisho" na "fainali" ni dhana mbili mbalimbali, na kwamba maana ya "fainali" iliyoandikwa kwa maneno hayo tu haitoshelezi.

La pili tulifundishwa Dodoma. Mwezi Mei mwaka 2025 tulikuwa huko kwa shughuli za istilahi za ofisini. Simba ilikuwa imekwisha fungwa 2-0 na RS Berkane ya Moroko, tarehe 17, na ilikuwa inasubiri kurudiana nayo tarehe 25 katika Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Jioni moja, katika kibanda umiza huko Majengo, mzee mmoja shabiki wa Simba alikuwa akihesabu siku zilizobaki. "Jumapili ndiyo fainali," alisema. Kijana aliyeketi karibu naye akamjibu, "Mzee wangu, fainali si imekwisha chezwa kule Berkane, tukafungwa mbili?" Mzee hakukasirika. "Mwanangu," alisema, "kombe limekwisha tolewa? Kama halijatolewa, fainali haijaisha."

Jumapili ilipofika matokeo yalikuwa 1-1, na kombe likaenda Moroko kwa jumla ya mabao 3-1. Matumaini ya mzee hayakutimia, lakini maelezo yake yalikuwa bora kuliko yetu. Fainali ni shindano linaloamua bingwa, nalo halina kikomo mpaka bingwa apatikane. Idadi ya michezo si sehemu ya maana yake. Katika futiboli ya Kimarekani mchezo wa kuamua bingwa, yaani Super Bowl, ambao ulianza mwaka 1967, huchezwa mara moja tu katika uwanja uliochaguliwa mapema. Katika Kombe la Shirikisho Simba na Yanga zilicheza mara mbili, nyumbani na ugenini. Zote hizo ni fainali.

Tukiisha kuikubali maana hiyo, swali linalobaki ni jina la yale mashindano makubwa yanayoitwa "fainali za". Hapa hatuna haja ya kubuni neno jipya, kwani mashabiki na watangazaji wamekwisha tutangulia. Kutokana na kitenzi "chuana" wanasema "mchuano" na "michuano". Kutokana na "toana" wanasema "mtoano". Mchezo wa kwanza na wa kurudiana wanauita "mkondo wa kwanza" na "mkondo wa pili". Maneno haya yamo katika ngeli ya M-/MI-, ambayo huonyesha umoja na wingi waziwazi katika neno lenyewe. Hata kichwa cha habari kikikatwa vipi, hakuna atakayedhani kwamba "michuano" ni mchezo mmoja.

Kwa hiyo tunapendekeza matumizi yafuatayo:

(a) Michuano ya kufuzu: michezo yote ambayo kwayo timu hutafuta nafasi ya kushiriki.

(b) Michuano mikuu: mashindano ya timu zilizofuzu pamoja na wenyeji, kuanzia hatua ya makundi mpaka mwisho wa hatua ya mtoano. Jina hili lichukue mahali pa "fainali za".

(c) Fainali: shindano linaloamua bingwa, liwe la mchezo mmoja au la mikondo miwili.

(d) Mkondo wa kwanza wa fainali na mkondo wa pili wa fainali: kila mchezo peke yake, pale ambapo fainali ina michezo miwili.

Hatusemi kwamba "fainali za" ni kosa. Neno lililokwisha zoeleka halifutwi kwa waraka, na katika mazungumzo litaendelea kutumika. Tunachoomba ni kwamba katika maandishi ya serikali, vitabu vya shule na tafsiri, mwandishi achague neno ambalo halitamlazimu msomaji kukisia. Walimu wanaweza kuanza na ile habari ya mwaka 1980: wanafunzi waandike upya sentensi zake mbili za kwanza kwa istilahi hizi, kisha waone kama swali litabaki.

Tunakaribisha maoni ya wasomaji, hasa kutoka Kenya na Uganda, kwa kuwa michuano mikuu ya 2027 ni ya wenyeji watatu na haitafaa kila mmoja aite jambo moja kwa jina lake. Yule mzee wa Majengo alituambia kwamba anamwomba Mungu amfikishe mwaka huo, aione Tanzania ikicheza fainali. Tulimwuliza: fainali ipi? Akacheka, akasema, "Ile ya kombe kutolewa."