Nyasi bandia: Udongo wa mfinyanzi ndio unaopanga bei

Mwenye nyumba wa London anayetafuta uwanja usiogeuka tope wakati wa baridi huanza kwa kuulizia bei ya zulia la nyasi bandia. Bei hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote. Madukani zulia jembamba hupatikana kwa chini ya pauni 10 kwa mita ya mraba, na lile zito lenye nyuzi ndefu huzidi pauni 25. Gharama inayowashtua wanunuzi imelala chini yake.

Sehemu kubwa ya jiji hilo imekaa juu ya mfinyanzi mzito. Chembe zake ni ndogo kuliko milimita 0.002 na maji hupita humo polepole mno. Mvua ikizidi udongo hufura; jua likikaza hunywea na kupasuka. Mkulima wa Mwea au mjenzi wa Nairobi anayeujua udongo mweusi hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwishoni mwa Desemba, London hupata mwanga wa mchana kwa muda usiotimia saa 8, na udongo ukishuka chini ya nyuzi 5 hivi za Selsiasi nyasi karibu husimama kukua. Zikikanyagwa na watoto au mbwa hazijirudi hadi majira ya kuchipua. Hapo ndipo muuzaji wa plastiki anapopata wateja.

Bidhaa yenyewe si ngeni. Nyasi za kampuni ya Monsanto ya Marekani zilipata jina la AstroTurf baada ya kutandikwa Astrodome, Houston, mwaka 1966. Queens Park Rangers walizileta katika soka ya kulipwa ya Uingereza mwaka 1981, na Preston North End, waliokuwa wa mwisho miongoni mwa klabu za kundi hilo la kwanza, waling'oa zao mwaka 1994. Afrika Mashariki zimejulikana kupitia viwanja kama Kaitaba, Bukoba, na Amaan, Zanzibar.

Tuchukue uwanja wa nyumbani wa mita 10 kwa 5. Fundi huchimba kina cha sentimita 10 hivi, yaani mita 5 za ujazo. Mfinyanzi uliolowa huwa na uzito unaokaribia tani 2 kwa kila mita ya ujazo, hivyo kuna karibu tani 10 za kubeba, na udongo ukishachimbwa huumuka. Makontena mawili madogo ya kifusi huenda yakahitajika. Kisha hutandazwa kitambaa cha kuzuia udongo usichanganyike na mawe, halafu kokoto zilizoshindiliwa za sentimita 7 hivi, ambazo ni tani 7 au 8, na juu yake tabaka jembamba la mchanga au chenga za mawe. Zulia huja mwisho kabisa.

Kosa la kawaida ni kuamini kwamba matundu ya zulia yanatosha kutoa maji. Maji hupita, hukuta mfinyanzi, hukwama. Shimo lililojazwa kokoto bila njia ya kutokea ni beseni tu. Lazima msingi uwe na mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, na upande wa chini uwe na mtaro wa kokoto wenye bomba la matundu linalopeleka maji mahali panaporuhusiwa. Kokoto zenye vumbi jingi hushika maji. Zilizochekechwa ni ghali kidogo lakini kwa udongo huu ndizo zinazofaa. Zabuni isiyotaja mtaro ndiyo hushinda kwa bei, na ndiyo inayoleta mabonde na harufu ya mkojo wa mbwa baada ya msimu mmoja.

Vipimo vya zulia navyo vina hesabu yake. Kwa kawaida majora huwa na upana wa mita 2 au 4. Yakitandikwa kwa urefu katika uwanja huo hununuliwa mita za mraba 60 na 10 hukatwa zikatupwa. Yakilazwa kwa upana, vipande vya 4, 4 na 2, hazizidi 50, na urefu wa maungio ni ule ule wa mita 10. Nyuzi zote zielekee upande mmoja, la sivyo rangi huonekana tofauti.

Matunzo hupungua, hayaishi. Majani ya miti huoza juu yake, kuvumwani huota penye kivuli, na nyuzi hulala zisipopigwa ufagio. Kiangazi zulia huunguza nyayo. Chama cha kifalme cha bustani, RHS, kilipiga marufuku nyasi bandia katika maonyesho yake mwaka 2022, na Umoja wa Ulaya umeweka Oktoba 2031 kuwa mwisho wa kuuza chembe za mpira za kujazia viwanja vya michezo. Nyasi za nyumbani nyingi hujazwa mchanga, kwa hiyo amri hiyo haizigusi moja kwa moja.

Kuna mnunuzi anayeweza kuokoa fedha zaidi. Mteremko na mtaro vikishawekwa, nyasi za kawaida nazo hupata nafuu kubwa, na jora la nyasi hai ni rahisi kuliko la plastiki. Penye jua na watoto wachache, mafundi waaminifu hushauri kuanza na mtaro na kungoja baridi moja. Penye kivuli na mbwa wawili, plastiki hushinda.

Kazi hii hufaa msimu mkavu. Mfinyanzi uliolowa hunata kwenye mashine na haushindiliki, ingawa maombi mengi huja wakati tope limeshaingia jikoni. Bei iulizwe pamoja na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Uingereza ni asilimia 20, na gharama ya kutupa udongo iandikwe peke yake.