MCHORO WA AWALI WA KUGAWA ARDHI: KARATASI YA MWENYE KIWANJA AU HOJA YA UMMA?

Yapo mambo ambayo kada huyapita kwa kudhani kwamba si ya siasa, kwa sababu tu yameandikwa kwa lugha ya wataalamu. Mchoro wa kugawa ardhi ni mojawapo. Kada akiuona umebandikwa ukutani katika ofisi ya ardhi, huona mistari, namba na mihuri, kisha huendelea na safari yake. Lakini katika mistari hiyo ndimo unamoamuliwa upana wa njia atakayopita mgonjwa akikimbizwa Muhimbili, mahali pa kucheza watoto, na mkondo wa maji ya mvua ya masika. Mambo hayo ndiyo siasa yenyewe.

Katika makala hii tutaeleza maana ya mchoro wa awali wa kugawa ardhi, masharti ya kuuwasilisha, na sababu ya masharti hayo kuwapo. Tutatumia mfano wa Upanga, hapa Dar es Salaam, kwa kuwa historia ya mtaa huo inaonyesha waziwazi kwamba mstari wa mpaka huwa na mwenyewe, na huwa na shabaha.

ARDHI NI YA NANI?

Hatuwezi kuelewa masharti ya kugawa ardhi kabla ya kuelewa umiliki wake. Mwaka 1958, Serikali ya kikoloni ilipopendekeza ardhi iwe mali binafsi ya kudumu, Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu chake “Mali ya Taifa” kuupinga mpango huo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: katika nchi ya maskini, ardhi ikifanywa bidhaa ya sokoni itaishia mikononi mwa wachache wenye fedha, na wengi watakuwa wapangaji katika nchi yao wenyewe. Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1963 iliufuta umiliki huo wa kudumu na kuugeuza kuwa upangaji wa miaka 99 kutoka Serikalini. Mwaka 1969 upangaji huo nao ukageuzwa kuwa haki ya kumiliki ardhi kwa masharti. Msingi huo umo pia katika Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, inayosema kwamba ardhi yote ni ya umma, nayo imewekwa chini ya Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi wote.

Kwa hiyo mwenye hati ana haki ya kuitumia ardhi kwa muda na kwa masharti maalumu, na haki hiyo inalindwa na sheria. Lakini hana uwezo wa kuikatakata ardhi apendavyo kama mtu akataye kitambaa chake. Akitaka kugawa, hana budi kurudi kwa umma na kuomba. Mchoro wa awali ndio ombi hilo.

UPANGA: HISTORIA ILIYOANDIKWA KWA MISTARI

Mwaka 1891 utawala wa Kijerumani ulitoa amri ya ujenzi iliyougawa mji wa Dar es Salaam kwa aina ya majengo. Amri haikuhitaji kutaja rangi ya mtu, maana aina ya jengo ilitosha kumchuja mwenye uwezo na asiye nao. Waingereza waliuendeleza mgawo huo, na wananchi wakaupa majina yake kamili: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Eneo la wazi la Mnazi Mmoja liliachwa kati ya Uhindini na Kariakoo ili kuwatenganisha watu, kwa kisingizio cha afya. Viwanja vya Kariakoo vilibanwa, na vya Uzunguni vikapewa nafasi na bustani.

Upanga ilipangwa hasa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakati mpango mkuu wa kwanza wa mji, wa mwaka 1949, ulipotengenezwa. Ilikusudiwa kuwa mahali pa makazi ya watu wa asili ya Asia waliokuwa wamesongamana Uhindini. Barabara zilichorwa, viwanja vikapimwa, nyumba na maghorofa ya kadiri yakajengwa. Mwaka 1971 Serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, majengo mengi ya Upanga yaliingia mikononi mwa Msajili wa Majumba, na baadaye, mwaka 1990, katika Shirika la Nyumba la Taifa.

Funzo tunalolipata hapa ni moja. Jengo linaweza kubadili mwenyewe kwa sheria ya siku moja, lakini mstari wa barabara hubaki. Leo hii mtu akitembea kutoka Upanga kupita Mnazi Mmoja hadi Kariakoo, anatembea ndani ya mchoro wa mkoloni, ingawa mkoloni aliondoka mwaka 1961. Basi na sisi, tunapoidhinisha mgawo mbaya, tunawawekea wajukuu zetu kosa ambalo hawataweza kulifuta kwa urahisi.

MASHARTI YA KUWASILISHA MCHORO

Sheria inayotawala jambo hili ni Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 pamoja na kanuni zake. Tukiyakusanya masharti yake na desturi ya kazi katika ofisi zetu, tunayapata makundi sita:

Kwanza, mwombaji lazima athibitishe haki yake. Hatimiliki iwepo, kodi ya pango la ardhi iwe imelipwa, na kama ardhi imewekwa rehani, mkopeshaji awe ameridhia. Sharti hili huwalinda warithi na wanandoa wasije wakagawiwa ardhi yao bila kujua.

Pili, mchoro utayarishwe na mtaalamu wa mipango miji aliyesajiliwa kwa mujibu wa sheria. Anayeweka sahihi ndiye atakayeulizwa mambo yakiharibika.

Tatu, mchoro uonyeshe hali halisi ya ardhi: mahali ilipo, upande wa kaskazini, kipimo cha mchoro, mipaka na viwanja vya majirani, majengo yaliyopo, miinuko na mabonde, mifereji, na njia za maji, umeme na maji taka. Mchoro usioonyesha majirani unaficha wale watakaoumia.

Nne, mgawo ulingane na mpango wa eneo zima. Kama mpango unasema mahali fulani ni pa shule au pa wazi, mtu binafsi hawezi kupageuza kuwa viwanja vya nyumba kwa mchoro wake. Akitaka kubadili matumizi, hilo ni ombi jingine, nalo hutangazwa hadharani ili wananchi wapate kupinga.

Tano, kila kiwanja kipya kifikiwe kwa njia, kiwe na ukubwa usiopungua kima kilichowekwa na kanuni za viwango vya nafasi, na kiweze kupata maji na kuondoa maji machafu.

Sita, mgawo uheshimu maeneo ya hatari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na ufukwe wa bahari. Sharti hili linaihusu Upanga moja kwa moja, kwa kuwa imepakana na bahari upande mmoja na bonde la Msimbazi upande mwingine.

TUPIGE HESABU

Makada wengine husema kwamba masharti haya ni urasimu wa kuwachelewesha wananchi. Tuwajibu kwa hesabu.

Tuchukue kiwanja cha mfano chenye upana wa mita 40 na urefu wa mita 50. Eneo lake ni mita za mraba 2,000. Mwenye kiwanja anataka kuuza, na dalali amemwambia apate viwanja vitano vya mita za mraba 400 kila kimoja. Hesabu ya dalali inatimia, maana tano mara 400 ni 2,000. Lakini haikubakiza hata mita moja ya njia. Barabara ikiwa upande wa mbele peke yake, wa nyuma watapita wapi?

Sasa tuweke njia ya mita 6 katikati, kutoka mbele hadi nyuma. Njia hiyo inachukua mita za mraba 300. Zinabaki 1,700, yaani viwanja vinne vya mita 17 kwa 25, kila kimoja mita za mraba 425. Mwenye kiwanja amepoteza kiwanja kimoja, na familia nne zimepata njia, mtaro, na mahali pa kupitia gari la zimamoto.

Katika mchoro wa kipimo cha 1:500, njia hiyo ya mita 6 ina upana wa milimita 12 tu, haizidi upana wa kidole. Kalamu ya mtu mmoja ofisini inaweza kuifuta kwa dakika moja, na baada ya hapo hakuna mkutano wa hadhara utakaoirudisha bila kuvunja nyumba ya mtu. Ndiyo maana tunasema kwamba wakati wa kupigania njia ni wakati wa mchoro, kabla mawe ya mipaka hayajasimikwa.

SAFARI YA MCHORO

Mchoro hupelekwa kwa mamlaka ya upangaji, ambayo kwa Upanga ni Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, iliyochukua nafasi ya Manispaa ya Ilala mwaka 2021. Wataalamu huukagua na kwenda kuiona ardhi. Kisha hufikishwa mbele ya kamati ya madiwani inayoshughulikia mipango miji. Ukikubaliwa, hupelekwa kuidhinishwa na Mkurugenzi wa Mipango Miji wa Wizara ya Ardhi, au ofisa aliyekasimiwa madaraka hayo. Hapo ndipo mpima ardhi hupima na kusimika mawe ya mipaka, na ramani yake ya upimaji huidhinishwa na mamlaka ya upimaji na ramani. Mwisho hati ya zamani hurejeshwa, na hati mpya hutolewa kwa kila kiwanja.

Kada azingatie mpangilio huu. Kati ya ngazi zote hizo, mwakilishi aliyechaguliwa na wananchi ana nafasi moja tu ya kusema, nayo ni ile ya kamati. Diwani akiingia katika kikao hicho bila kujua kusoma mchoro, umma umeingia umefumba macho.

KUGAWA KWENDA JUU

Upanga ya leo ina jambo jipya. Kwa Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, mtu anaweza kupata hati ya nyumba moja ndani ya ghorofa. Kwa hiyo ardhi sasa hugawanywa pia kwenda juu. Palipokuwa na familia moja, jengo refu huweka familia nyingi, bila mstari hata mmoja kuongezwa juu ya ardhi.

Hatulipingi jambo hili kwa jumla. Mji unaokua lazima utumie vizuri ardhi iliyo karibu na kazi, hospitali na shule. Lakini bomba la maji taka halijui hati. Linajua idadi ya watu. Na uwanja ukifunikwa wote kwa sakafu ya saruji kwa ajili ya magari, maji ya mvua hayazami tena. Hushuka bondeni. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaua watu na kuwaacha wengi bila makazi katika bonde la Msimbazi, na wakazi wa Jangwani wakahamishiwa Mabwepande. Mvua ile ilikuwa kubwa, nalo bonde lile hupokea maji ya eneo pana kuliko Upanga. Hata hivyo kanuni ni ile ile: mwenye nacho akijenga juu bila mtaro, bili hupelekwa kwa asiye nacho chini. Huo pia ni unyonyaji, ingawa hauna bwana shamba wala mnyapara.

WAJIBU WA KADA

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulisisitiza kwamba wananchi washirikishwe katika kuifikiria mipango yao, si kuitwa tu wakati wa kutekeleza maamuzi ya wengine. Katika suala la ardhi, maana yake ni hii:

Kada ajifunze kusoma mchoro, kama alivyojifunza kusoma ramani ya nchi. Kazi hiyo haihitaji chuo. Mtaalamu wa Halmashauri anaweza kuifundisha kwa mchana mmoja katika ofisi ya tawi. Kada pia aufahamu mpango wa mtaa wake, ajue ni viwanja gani vya wazi, na awaeleze wananchi kabla mtu hajaanza kumwaga mchanga. Aulize maswali matatu kwa kila mgawo: Wa nyuma watapita wapi? Maji yataelekea kwa nani? Na ardhi ya wote imebaki kiasi gani?

Aidha, kada awe mkweli kwake mwenyewe. Haifai kumlaani mvamizi wa kiwanja cha wazi jukwaani, kisha jioni kwenda ofisini kumwombea ndugu yake mchoro upitishwe bila njia. Na wala haifai kuyafanya masharti kuwa fimbo ya kumsumbua mnyonge. Ofisa anayeuchelewesha mchoro halali hadi mwombaji akate tamaa, anawasukuma wananchi kwa dalali, na dalali, kama tulivyoona, hana njia katika hesabu yake. Masharti yawe wazi, yabandikwe mahali pa kusomeka, na jibu litolewe kwa wakati pamoja na sababu zake.

Mkoloni aliuchora mji huu bila kutuuliza. Sisi tuna sheria inayotutaka tuulizane kabla ya kuchora. Tukiiacha haki hiyo kwa wenye kalamu na wenye fedha, hatutakuwa na wa kumlaumu. Mchoro wa awali ukiletwa mezani, kada asiulize kwanza ni wa nani. Auweke mbele ya wananchi, aanze na njia.