Dawa ya fangasi inapovuruga akili ya mgonjwa

Mgonjwa anayetibiwa maambukizi makali ya fangasi anapoanza kuona maruweruwe, jamaa zake huenda wakadhani amerukwa na akili. Wakati mwingine chanzo ni dawa yenyewe.

Dawa inayojulikana zaidi kwa athari hiyo ni vorikonazoli, iliyoidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka 2002. Hutumiwa dhidi ya fangasi wanaoshambulia mapafu na viungo vingine vya ndani, hasa kwa watu wenye kinga dhaifu, wakiwemo wagonjwa wa saratani ya damu.

Wengi huona rangi zikibadilika au mwanga ukiwaumiza macho, hali ambayo kwa kawaida hupita haraka. Hatari huongezeka dawa inapojaa mwilini. Katika utafiti uliofanywa mjini Lausanne, Uswisi, na kuchapishwa mwaka 2008, wagonjwa 16 kati ya 52 walikuwa na zaidi ya miligramu 5.5 za dawa katika lita moja ya damu. Watano kati ya hao 16 walichanganyikiwa, na wote walipona dawa iliposimamishwa.

Kiasi hicho hutofautiana kwa sababu ini la kila mtu halivunji dawa kwa kasi ileile. Tofauti hiyo hurithiwa, na dawa nyingine huweza kuiongeza.

Hata flukonazoli, inayotumika sana Afrika Mashariki, huzuia ini kuvunja fenitoini, dawa ya kifafa. Anayezitumia pamoja anaweza kupepesuka na kuchanganyikiwa, mithili ya mlevi.

Mkaazi wa St Marys, magharibi mwa Sydney, Australia, akipatwa na hali hiyo anaweza kufikishwa idara ya dharura ya Hospitali ya Nepean, katika kitongoji cha Kingswood. Daktari asiyemfahamu atalazimika pia kufikiria uwezekano wa homa, kiharusi, au fangasi kuingia ubongoni. Orodha ya dawa ndiyo itakayomwongoza. Asiyejua Kiingereza anaweza kuomba mkalimani kupitia huduma ya serikali, simu 131 450, saa 24.

Dawa ikishukiwa, madaktari hupima kiwango chake katika damu, kisha hupunguza dozi au huibadilisha. Mgonjwa hashauriwi kuiacha kwa hiari yake, kwani maambukizi yenyewe yanaweza kuua. Ni vyema jamaa wafike hospitalini na pakiti za dawa zote anazotumia.