Leica na hatari ya kugawana kiungio cha lenzi

KWA miaka mingi kampuni ya Leica ya Ujerumani imeuza kamera kwa bei inayomtisha mpiga picha wa kawaida, huku wateja wake wakiamini kuwa kilicho nyuma ya ile nembo nyekundu hakipatikani kwingineko. Mnamo Septemba 2018, mjini Cologne, ilitangaza kwamba ingegawana na Panasonic na Sigma za Japani kiungio chake cha L, yaani mdomo wa kamera ambamo lenzi hufungwa.

Faida ilikuwa wazi. Kamera isiyo na lenzi za kutosha haiuziki, na Leica peke yake haikuwa na uwezo wa kuunda za kila aina kwa haraka. Lakini mlango huo hufunguka pande zote mbili: aliye na lenzi za Leica anaweza kuhamia Panasonic bila kuacha hata moja.

Mwaka wa 2019 Panasonic iliuza S1R nchini Marekani kwa takriban dola 3,700. Baadaye mwaka uo huo ikatoka Leica SL2, yenye pikseli milioni 47 sawa na mwenzake, kwa karibu dola 6,000. Mambo yalizidi kuwa magumu 2021, Leica ilipotoa lenzi ya milimita 24-70 kwa karibu dola 2,800. Wajuzi walipohesabu vioo vyake walikuta 19 katika makundi 15, sawasawa na lenzi ya Sigma iliyouzwa kwa dola 1,100. Mnunuzi ana haki ya kuuliza analipia nini.

Hatari nyingine Leica ilikuwa imeionja. Ilijiunga na mfumo wa Four Thirds, ikatoa kamera moja tu, Digilux 3 ya 2006, iliyokuwa pacha wa Panasonic L1. Mwaka wa 2008 Olympus na Panasonic zikatangaza Micro Four Thirds, na ule wa awali ukafifia. Asiyeshika usukani hupelekwa.

Safari hii Leica ndiyo mmiliki wa alama ya L, tofauti ambayo si ndogo. Isitoshe, kamera zake za M, zilizoanza 1954 na ambazo ndizo moyo wa jina lake, hazikuingizwa katika muungano huo.