Kaburi la Nyali na Kanisa la Rabai



Likizo ya Agosti ilipofika, tulifunga viazi vitamu na chupa ya chai, tukawachukua watoto wetu watatu kwenda kuona Jumba la Ukumbusho la Krapf kule Rabai, lililo chini ya Makumbusho ya Taifa. Twataka kukueleza tuliyoyaona, ili nawe siku moja uwapeleke wako.

Lakini usianzie Rabai. Anzia Nyali, penye kaburi la Rosine Krapf, kwa maana bila kaburi hilo mambo ya Rabai hayaeleweki vema. Dakta Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na C.M.S., alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe, naye mke alikuwa mja mzito. Mwezi wa Julai alijifungua mtoto wa kike. Siku chache tu zikapita, mama akafa kwa homa, na mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa wa homa siku zizo hizo.

Binti yetu wa miaka kumi alisikiliza habari hiyo, kisha akauliza, "Baba, kwani hawakuomba?"

Sisi tuliozoea kusema maneno ya faraja matangani mwa watu tulikosa la kumjibu. Kwetu nyumbani pia pana kaburi dogo. Kifungua mimba wetu alituacha akiwa na miezi minne, na miaka yote hiyo hatukuwahi kulitaja jina lake mbele ya wadogo zake. Mwisho mama yao akasema, "Waliomba, mwanangu. Hata sisi tuliomba." Akaketi pale majanini, akawasimulia habari za ndugu yao tangu mwanzo. Tulichelewa sana kuondoka Nyali.

Kutoka Mombasa hadi Rabai ni kama kilomita 25. Unafuata barabara ya Nairobi mpaka Mazeras, ndipo unapinda kulia kuingia kwenye minazi. Ni huku Krapf alikopanda mwaka 1846, miaka miwili tu baada ya mazishi yale, pamoja na mwenzake Johannes Rebmann. Wazee wa Rabai ndio waliowapa ruhusa ya kukaa. Hilo twawaomba wazazi walikazie, maana watoto husoma habari za Wazungu waliofika, wasijue habari za wenyeji waliowakaribisha.

Katika jumba lile mna picha na maandishi ya siku hizo. Watoto walipenda kusikia juu ya milima: Rebmann aliiona Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf aliuona Mlima Kenya mwaka 1849, nao wataalamu wengine wa Ulaya walikataa kusadiki kwamba pana theluji karibu na ikweta. Sisi tulivutwa zaidi na kazi ya lugha. Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mwaka ule ule wa 1844 aliomzika mkewe. Kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia.

Na matunda yalikuwa wapi? Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, kiwete aliyekuwa karibu kufa, mwaka 1851. Baada yake waliongezeka wachache mno. Rebmann alikaa pwani miaka 29 bila kurudi Ulaya, mpaka macho yake yakapofuka.

Liko pia jambo lisilopendeza, wala tusiwafiche watoto. Watumwa waliowatoroka mabwana zao walikimbilia Rabai. Wakubwa wa misheni, kwa kuogopa ugomvi na wenye watumwa, walikataza watoro wasipokewe. Lakini Kasisi William Jones, ambaye naye alipata kuwa mtumwa kabla ya kuwekwa huru na kulelewa India, aliwapokea. Mwishowe fidia ililipwa, na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya elfu moja walipewa hati za uhuru pale pale Rabai. Kijana wetu aliuliza kama Kasisi Jones aliadhibiwa kwa kutotii. Twakiri kwamba swali hilo lilitufurahisha kuliko picha zote ukutani.

Tulikula viazi vyetu karibu na Kanisa la Mtakatifu Paulo, tukawaeleza jinsi Rebmann alivyoondoka mwaka 1875. Hakuona njia. Aliyesafiri naye kumwongoza mpaka Ulaya alikuwa Isaac Nyondo, mtu wa Rabai. Mdogo wetu wa mwisho alifumba macho papo hapo akataka aongozwe, na dada yake akamshika mkono wakazunguka kanisa, wakijikwaa na kucheka.

Usiku, kabla ya sala, binti yetu alileta Biblia ya nyumbani, akafungua ukurasa wenye majina yetu, akauliza mbona jina la kaka yake halimo. Mama yake akatafuta kalamu.