Shawa inapogeuka moto ghafla

Mzee mmoja aliletwa katika kliniki yangu akiwa amebabuka bega na mgongo. Alikuwa akioga kwa maji vuguvugu. Mjukuu wake akavuta maji ya choo, na papo hapo shawa ikaanza kumwaga maji moto kupindukia. Katika kukwepa, nusura ateleze na kuvunjika nyonga.

Je, ajali hii hutokeaje? Shawa ya kuchanganya hupokea maji kwa mabomba mawili, la moto na la baridi. Vuguvugu ulilochagua hudumu mradi tu msukumo wa pande zote mbili haubadiliki. Lakini katika nyumba nyingi maji baridi hutoka moja kwa moja kwenye mfereji wa mji, nayo ya moto hutoka kwenye tangi la paani. Choo kikivutwa, au mfereji ukipungua nguvu, maji baridi hufifia na mwogaji hubaki na ya moto. Wengine hufunga pampu upande mmoja tu. Hilo ni kosa, kwani upande wenye nguvu huulemea mwingine.

Maji ya nyuzi 60 za selsiasi huweza kumwunguza vibaya mtu mzima kwa sekunde 5 hivi, na mtoto kwa muda mfupi zaidi. Mtambo wa jua huweza kupita kiwango hicho. Mgonjwa wa kisukari aliyekufa ganzi miguuni huenda asihisi mapema.

Hata hivyo, usikimbilie kupunguza joto la tangi la maji moto. Chini ya nyuzi 60, viini viitwavyo Legionella, ambavyo huleta homa kali ya mapafu, huweza kuzaana humo. Rekebisha shawa yenyewe. Mwambie fundi wa mabomba:

1. Maji moto na baridi yatoke kwenye tangi moja la paani.

2. Kama msukumo ni hafifu, afunge pampu ya pande mbili, inayosukuma yote kwa nguvu sawa.

3. Bomba baridi la shawa liwe peke yake, lisigawane na choo. Litoke chini kidogo kuliko bomba linalolisha mtambo wa kupasha maji, ili tangi likikauka, maji moto yaishe kwanza.

4. Aweke vali ya kudhibiti joto, inayofunga maji moto pale baridi yanapokatika.

Mtu akiungua, mwondoe majini, mvue nguo na pete, kisha mmwagilie maji baridi ya mfereji kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno, siagi wala yai. Funika kidonda kwa kitambaa safi. Aliyeungua uso, mikono au sehemu za siri, na kila mtoto mdogo, apelekwe hospitali bila kukawia.

Kabla ya kumwosha mtoto, jaribu maji kwa kiwiko chako. Gharama ya fundi ni ndogo kuliko ya kutibu kidonda cha moto.